Wavu wa Namba

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya shirika la BOAC yenye usajili G-ALYP iliruka kutoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa Comet, jeti ya kwanza duniani kubeba abiria wa nauli katika safari ya ratiba. Ilipita Roma, Beirut na Khartoum, ikashuka Entebbe kando ya Ziwa Viktoria, ikapitia Livingstone, kisha ikamaliza safari yake. Kwa hiyo Entebbe ilipata huduma ya jeti miaka sita kabla ya New York, ambayo iliipata Oktoba 1958.

Ndege ileile, G-ALYP, ilivunjika vipande angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, tarehe 10 Januari 1954. Watu wote 35 waliokuwamo walikufa. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo Comet nyingine ilitumbukia baharini si mbali na Naples ikiwa na watu 21, na hakupona hata mmoja. Comet zote zikapigwa marufuku kuruka.

Kilichofuata huko Farnborough, kwenye kituo cha serikali ya Uingereza cha utafiti wa ndege, kinastahili kusimuliwa polepole. Wahandisi walichukua Comet nzima, G-ALYU, wakaijengea hodhi kubwa, mabawa yakaachwa yatokeze nje pande zote mbili, kisha wakajaza maji ndani ya ndege na nje yake. Walitumia maji kwa sababu hewa iliyobanwa ikipata upenyo hulipuka kama bomu na kuharibu ushahidi wote. Maji hayabanwi kirahisi, hivyo ufa ukitokea huweza kuonekana pale ulipoanzia. Pampu zilipandisha na kushusha shinikizo usiku na mchana, kila mzunguko ukiwa sawa na safari moja ya kupanda angani na kushuka, huku mitambo mingine ikiyapinda mabawa. Ukijumlisha safari za kweli ambazo ndege hiyo ilikuwa imekwisha kuruka na zile za hodhini, ilipofika ya 3,057 ngozi yake ilichanika kuanzia kwenye kona ya tundu lililokatwa ubavuni. Alumini ilikuwa imechoka.

Waliobuni Comet hawakuwa wazembe. Walipima, wakajaribu, wakaongeza tahadhari juu ya tahadhari. Lakini hesabu walizokuwa nazo ziliweza kuwaambia mkazo wa wastani tu katika ngozi ya ndege. Pale konani, ambapo nguvu zote zinazozunguka tundu husongamana, mkazo halisi ulikuwa mkubwa kuliko walivyodhani, na hapakuwa na kalamu wala rula ya kukokotolea iliyoweza kuufuata hadi pale. Aliyetaka kujua ilimbidi ajenge ndege nzima, kisha aiharibu.

Kiangazi cha 1952, miezi ileile Comet ilipoanza kushuka Entebbe, profesa kijana wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aitwaye Ray Clough, alikwenda Seattle kufanya kazi ya likizo katika kampuni ya Boeing. Aliwekwa kwenye kikosi cha Jon Turner kilichoshughulikia mitikisiko ya ndege. Tatizo lao lilikuwa mabawa mapya ya jeti: mafupi, mapana, yenye umbo la pembetatu. Mabawa ya zamani yalikuwa marefu na membamba, na mtu aliweza kuyahesabu kama boriti iliyochomekwa ukutani. Bawa la pembetatu halikubali kufanywa boriti. Clough alihangaika nalo kiangazi kizima kwa kuliwaza kama mkusanyiko wa fito zilizounganishwa, na majibu yakakataa kulingana na vipimo vya maabara. Aliporudi mwaka uliofuata, Turner alimpa wazo jingine: ngozi ya bawa igawanywe katika vipande vidogo vya pembetatu na mstatili, kila kipande kihesabiwe peke yake, kisha vyote vishonwe pamoja.

Njia hii nimeielewa vizuri zaidi kwa kuutazama wavu wa mvuvi kuliko kwa kusoma kitabu. Ushike wavu uliotandazwa mchangani, uvute fundo moja. Mafundo ya jirani yanasogea kwanza, kisha majirani wa majirani, hadi pembezoni ambako msogeo ni mdogo usioonekana. Hakuna fundo linalojua habari za wavu mzima, kila moja linajua jirani zake tu. Mhandisi akitandaza wavu wa namba namna hiyo juu ya bawa, kila fundo linampa milinganyo miwili au mitatu: nguvu zinazolivuta huku lazima zilingane na zinazolivuta kule. Milinganyo hiyo ni rahisi, mwanafunzi wa sekondari angeielewa. Ugumu uko kwenye wingi wake, kwa sababu yote inategemeana na lazima ifumbuliwe kwa pamoja. Kazi ya aina hiyo humchosha binadamu, lakini mashine haichoki.

Turner, Clough na wenzao wawili, Martin na Topp, waliwasilisha kazi yao New York mwaka 1954 na kuichapisha mwaka 1956. Si wao peke yao waliolifikia wazo hilo. Mwanahisabati Richard Courant alikuwa amechapisha hesabu ya pembetatu mwaka 1943, na huko London Mgiriki John Argyris aliandika mfululizo wa makala mwaka 1954 na 1955 yaliyofika karibu palepale kwa njia tofauti. Lakini jina lilitoka kwa Clough. Mwaka 1960, katika mkutano wa Pittsburgh, aliviita vipande vile elementi zenye kikomo, na jina likabaki.

Kompyuta ya kwanza aliyoitumia Clough huko Berkeley, IBM 701, iliweza kufumbua milinganyo ipatayo 40 tu kwa mkupuo. Wavu wa mafundo ishirini! Hata hivyo, miaka michache baadaye yeye na mwanafunzi wake Ed Wilson waliweza kulishughulikia bwawa zima, Norfork la Arkansas, ambalo zege lake lilikuwa na ufa mkubwa wa wima. Ufa ule uliletwa na joto. Zege likiwa linaganda hujipasha joto lenyewe kwa ndani, kisha likipoa hunywea, na pale linapozuiwa kunywea hupasuka. Fundi yeyote aliyemwaga jamvi la nyumba kwenye jua la Dodoma bila kulimwagilia anaijua habari hiyo ya kunywea na kupasuka kwa macho. Clough na Wilson walipaswa kuingiza mambo mawili katika hesabu moja, jinsi joto linavyobadilika ndani ya ukuta na mkazo unaozaliwa na badiliko hilo. Sidhani walifikiri kwamba walikuwa wakianzisha jambo kubwa. Walitaka kujua kama bwawa liko salama.

Hatua iliyofungua mlango hasa, kwa maoni yangu, ilichukuliwa Swansea, mji wa bandari wa Wales. Mwaka 1965 Olgierd Zienkiewicz na Yau Kai Cheung walionyesha kwamba wavu uleule uliobuniwa kwa ajili ya nguvu na mikazo unaweza kuhesabu mambo ambayo hayana uhusiano wowote na kuvutwa au kupindwa: joto linavyopita kwenye chuma, maji yanavyopenya chini ya bwawa, umeme unavyotanda kati ya nyaya. Katika kila fundo badala ya kuuliza limesogea kiasi gani, unauliza lina joto kiasi gani, na hesabu inabaki ya namna ileile. Miaka miwili baadaye walitoa kitabu kilichoingia katika vyuo vya uhandisi vya dunia nzima. Kabla yao kila fani ilikuwa na ufundi wake wa siri. Baada yao mtu wa joto na mtu wa sumaku waligundua kwamba wanasema lugha moja.

Kuziweza fizikia zote moja moja, hata hivyo, si sawa na kuziweza zikiwa pamoja. Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo.

Daraja la Tacoma Narrows, jimbo la Washington, lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940. Urefu wake kati ya minara miwili ulikuwa mita 853, la tatu kwa urefu duniani siku hizo, na lilikuwa jembamba la kupendeza. Mbuni wake, Leon Moisseiff, alikuwa miongoni mwa wahandisi wa madaraja walioheshimiwa sana Marekani. Alihesabu upepo kama msukumo uliotulia, kana kwamba mtu ameegemeza bega ubavuni mwa daraja. Kwa hesabu hiyo daraja lilikuwa na nguvu za kutosha na akiba juu. Tarehe 7 Novemba, miezi minne tu baadaye, kwa upepo wa kilomita 67 kwa saa, upepo ambao wavuvi wengi wameukuta wakiwa baharini na wakarudi nyumbani, barabara yake ilianza kujinyonga kama kitambaa kinachokamuliwa, na kabla ya adhuhuri ikaanguka majini. Alikufa mbwa mmoja, Tubby, aliyekuwa amebaki ndani ya gari lililotelekezwa.

Chuma hakikuwa na hitilafu, na upepo haukuwa wa kimbunga. Lililotokea ni kwamba daraja lilipojinyonga kidogo lilibadilisha njia ya upepo, na upepo ulipobadilika ukalinyonga daraja zaidi, nalo likaubadilisha upepo zaidi. Viwili hivyo vilikuwa vinalishana. Mtu wa chuma angemaliza hesabu zake zote bila kuuona msiba huo, na mtu wa upepo vilevile, kwa kuwa haukuwa ndani ya kimoja wala kingine. Jambo hili, kwamba fizikia mbili zikikutana zinazaa kitu cha tatu, ndilo lililowatesa wahandisi kwa nusu karne iliyofuata.

Miaka ya 1960 shirika la anga la Marekani, NASA, liligundua kwamba kila kituo chake kilikuwa kinajiandikia programu yake ya hesabu za miundo, wote wakirudia kazi moja. Likaagiza programu moja ya pamoja. Ikaitwa NASTRAN, ikaanza kufanya kazi mwaka 1968, na muda si mrefu ikaachiwa viwanda vya kiraia. Kwa miundo ya vyombo vya anga, magari na meli ilikuwa chombo cha ajabu, lakini shina lake lilikuwa miundo. Wataalamu wa mtiririko wa hewa na maji walikuwa na ukoo wao tofauti kabisa: Francis Harlow na wenzake Los Alamos, kisha Brian Spalding wa Imperial College, London, ambaye mwaka 1981 alitoa programu yake iitwayo PHOENICS. Watu wa sumaku na mawimbi nao walikuwa na zao.

Pittsburgh alikuwapo kijana aliyechoshwa na mgawanyo huo. John Swanson alifanya kazi katika maabara ya Westinghouse iliyotengeneza mitambo ya nyuklia kwa ajili ya roketi. Mtambo wa namna hiyo haumruhusu mtu kuchagua fizikia anayoipenda. Joto lake ni la kutisha, joto linatanua chuma, kutanuka kunazaa mkazo. Swanson alitaka iandikwe programu moja ya jumla. Wakubwa wake hawakukubali. Akaacha kazi mwaka 1969, na mwaka 1970 akafungua kampuni yake ndani ya nyumba ya shambani, akiandika programu kwenye kadi zilizotobolewa na kukodi muda wa kompyuta kwa saa. Programu akaiita ANSYS. Mteja wake wa kwanza alikuwa Westinghouse, mwajiri yuleyule aliyemwacha.

Tangu hapo kulikuwa na njia mbili za kuzikutanisha fizikia, na zote zinatumika hadi leo. Ya kwanza ni ya kupokezana. Hesabu ya joto inamalizika, majibu yake yanapelekwa kwenye hesabu ya mkazo, na ikibidi yanarudishwa tena, mara kumi, mara mia, hadi yatulie. Ya pili ni kuweka kila kitu kwenye jedwali moja kubwa, kila fundo likibeba joto lake, msogeo wake na umeme wake kwa wakati mmoja, na yote kufumbuliwa kwa pigo moja. Njia ya kwanza ni nafuu, nayo inatosha pale ambapo joto linaathiri chuma lakini chuma hakilirudishii joto chochote. Pale ambapo viwili vinalishana, kama Tacoma, kupokezana kunaweza kwenda mbio kuelekea jibu la uongo au kutotulia kabisa. Lakini jedwali la pamoja linakula kumbukumbu ya kompyuta bila huruma, na kwa muda mrefu watu wengi hawakuwa na mashine ya kulibeba.

Kabla sijafika Stockholm, ambako hadithi ya jedwali hilo la pamoja inaendelea, inanilazimu nipitie Norway, kwa sababu wengi wanaoisifu historia hii huiruka siku ya 23 Agosti 1991.

Siku hiyo, katika ghuba ya Gandsfjorden karibu na Stavanger, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilikuwa kinazamishwa taratibu majini kwa majaribio. Kilikuwa na seli 24 za zege zilizoshikamana, nne kati yake zikipanda juu kuwa nguzo za kubeba jukwaa la tani 57,000. Kina kilipofika kama mita 65 ulisikika mngurumo, maji yakaanza kuingia, na pampu hazikuweza kushindana nayo. Baada ya dakika 18 kitako kilipotea. Kilivunjika kikiwa kinazama, na kilipogonga sakafu ya bahari, mita 220 chini, vyombo vya kupimia matetemeko viliandika 3.0. Watu waliokuwa juu yake waliwahi kuondoka salama. Hasara ilifika dola milioni 700 hivi.

Uchunguzi uliishia kwenye sehemu ndogo mno: vyumba vidogo vya pembetatu vilivyobaki kati ya seli za duara, ambavyo maji ya bahari yaliingia na kuvisukuma kuta kutoka ndani. Kuta zile zilihesabiwa kwa NASTRAN. Programu haikukosea. Wavu ndio uliokosea, kwa sababu waliouchora walivipa vyumba vile vipande vichache mno na vilivyopindishwa vibaya, na majibu yakaonyesha nguvu ya kukata ukuta ikiwa pungufu kwa asilimia 47. Kutokana na namba hiyo ukuta ulijengwa mwembamba, na baadhi ya nondo zilikatwa fupi kuliko inavyotakiwa. Hesabu iliporudiwa kwa wavu mzuri zaidi, ilisema ukuta ungepasuka kwenye kina cha mita 62. Ulipasuka kwenye mita 65.

Kila nikilisoma tukio hili huwa nasimama kwenye namba hizo mbili. Chombo kilichoangamiza kitako kile ndicho kilichoeleza, kwa tofauti ya mita tatu, pale kilipoangamia. Wanorway walihitaji kitako kipya haraka, na kwa kuwa hawakujua makosa mangapi mengine yalijificha kwenye majibu ya kompyuta, wahandisi wao walianza kubuni kwa mkono, kwa njia za enzi ya rula ya kukokotolea. Majibu mapya ya kompyuta yalipokuwa tayari, ubunifu wa mkono ulikuwa umekwisha. Tarehe 29 Aprili 1993 jukwaa lilikaa juu ya kitako chake kipya.

Stockholm, basi. Mwaka 1986 Svante Littmarck na Farhad Saeidi, waliotoka Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia, KTH, walianzisha kampuni ya COMSOL. Mwaka 1998 walitoa programu waliyoiita FEMLAB. Waliokuwa wametangulia walianza na fizikia moja wakaongeza nyingine juu yake kama anayeongeza vyumba nyuma ya nyumba. Hawa walianza na mlinganyo wenyewe. Mtumiaji aliweza kuchagua joto, umeme, mtiririko au kemia, akaziunganisha, na kama fizikia yake haikuwamo kwenye orodha aliweza kuandika mlinganyo wake kwa herufi na programu ikautandazia wavu. Kompyuta za mezani zilikuwa zimekwisha kupata nguvu ya kulibeba jedwali la pamoja. Mwaka 2005 jina lilibadilishwa kuwa COMSOL Multiphysics, yaani fizikia nyingi, na neno hilo ndilo jina la kazi nzima.

Washindani hawakulala. Kampuni iliyozaliwa katika nyumba ya shambani ya Swanson ilinunua Fluent, mabingwa wa mtiririko, mwaka 2006, na Ansoft, watu wa sumaku na mawimbi, mwaka 2008. Ilikuwa inanunua koo zilizotengana ili kuzikalisha kwenye nyumba moja. Mwaka 2025 yenyewe ilinunuliwa na Synopsys, watengenezaji wa programu za kubunia chipu za kompyuta, katika mkataba uliotangazwa kuwa wa dola bilioni 35 hivi. Chipu ya leo ni kama mtambo wa Westinghouse uliofinywa ukaenea kwenye ukucha: mkondo wa umeme unazaa joto, joto linatanua tabaka za vitu mbalimbali kila moja kwa kiasi chake, na lehemu iliyozishikanisha inapasuka.

Leseni za programu hizi ni ghali mno kwa idara nyingi za uhandisi za Afrika Mashariki, na hili linaniuma. Ndiyo maana nakumbuka kwa shukrani kwamba kizazi kilekile kilizaa pia programu huria. OpenFOAM ya mtiririko, iliyotoka Imperial College, iliachiwa watu wote Desemba 2004. Elmer, iliyoanza Finland mwaka 1995 katika kituo cha CSC mjini Espoo, ikaachiwa mwaka 2005, na wanasayansi wa barafu wanaitumia kuhesabu jinsi barafu ya ncha za dunia inavyotiririka na kuyeyuka. Zinahitaji uvumilivu na hazina sura ya kuvutia, lakini haziulizi pesa.

Nirudi kwenye ndege. Comet ilibuniwa upya, ngozi yake ikaongezwa unene na matundu yake yakaviringishwa kona, na kuanzia mwaka 1960 shirika la East African Airways lilirusha Comet 4 zake. Hazikupasuka. Miaka 35 baadaye, mjini Everett karibu na Seattle, Boeing ile iliyompa Clough kazi ya likizo ilikuwa imekamilisha 777, ndege iliyobuniwa yote ndani ya kompyuta, aina ambayo baadaye Kenya Airways waliileta Embakasi. Mabawa yake yalikuwa yamehesabiwa kwa nyavu ambazo Turner asingeweza kuziota. Hata hivyo tarehe 14 Januari 1995 waliiingiza ndege nzima kwenye banda, wakaifunga, wakaanza kuyavuta mabawa juu kwa nyaya mbele ya wahandisi waliosimama kimya. Sheria ilitaka yahimili asilimia 150 ya mzigo mkubwa kuliko wote ambao ndege ingeweza kuupata maishani mwake. Ncha zilipanda zaidi ya mita saba. Msomaji wa vipimo akawa anataja namba kwa sauti: mia na hamsini, mia na hamsini na moja, na mbili, na tatu. Kwenye 154 mabawa yote mawili yalivunjika kwa kishindo karibu kwa pamoja, na watu wakapiga makofi.